Cheruiyot yupi? Jina la mwisho halitoshi

Chukua orodha ya washindi wa mbio za marathon za Boston, upande wa wanaume, kisha fupisha majina ya kati kwa herufi ya kwanza kama wafanyavyo wengi. Utampata Robert K. Cheruiyot mara 5: mwaka 2003, 2006, 2007, 2008 na 2010. Msomaji atahesabu mataji matano na kumvika mtu mmoja. Kumbe ni watu wawili. Mshindi wa miaka minne ya kwanza ni Robert Kipkoech Cheruiyot, mzaliwa wa 1978, yule aliyeteleza kwenye mstari wa kumalizia Chicago mwaka 2006 akagonga kichwa, na bado akawa mshindi. Wa mwaka 2010 ni Robert Kiprono Cheruiyot, mzaliwa wa 1988. Kiprono alishinda kwa 2:05:52 na kuifuta rekodi ya njia ya Boston, 2:07:14, ambayo iliwekwa mwaka 2006 na nani? Na Kipkoech, wajina wake.

Ukisema "Robert Cheruiyot avunja rekodi ya Robert Cheruiyot" umesema kweli, lakini msomaji hajapata habari. Ukiongeza herufi ya K hujamsaidia pia, kwa sababu majina ya kati ya wote wawili yanaanza na K. Na hii haikutokea kwa bahati mbaya. Ndivyo majina ya jamii za Kalenjin, wenyeji wa Bonde la Ufa nchini Kenya, yalivyoundwa, na kila dawati la michezo linaloandika habari za riadha linapaswa kuujua muundo huo kama linavyojua urefu wa marathon. Kwa wanariadha hawa jina la mwisho peke yake halimtaji mtu. Humtaja baba, na wakati mwingine hata huyo baba halimtaji vizuri.

Tazama Cheruiyot walivyo wengi. Vivian Jepkemoi Cheruiyot alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 mjini Rio mwaka 2016 kwa 14:26.17, akiwa tayari bingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili na wa mita 10,000 mara mbili. Mwaka 2018 akashinda marathon ya London. Evans Cheruiyot alishinda Chicago mwaka 2008. Timothy Cheruiyot ni bingwa wa dunia wa mita 1,500 wa mwaka 2019, Doha, na mshindi wa fedha ya Olimpiki ya Tokyo. Miaka ya 1980 walikuwepo pacha Charles na Kipkoech Cheruiyot, na hapo utaona mtego mwingine: Kipkoech huyu hana uhusiano wowote na Kipkoech wa Boston, ila jina la kati la mmoja ndilo jina la kwanza la mwingine. Nje ya uwanja kuna Aaron Cheruiyot, seneta wa Kericho. Kisha akaja Reynold Cheruiyot, bingwa wa dunia wa vijana wa mita 1,500 mwaka 2022. Katika fainali ya mita 1,500 ya mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2025, Reynold alipata shaba na Timothy akamaliza wa nne. Mtangazaji aliyesema "Cheruiyot anakuja, Cheruiyot anakuja!" kwenye mita 100 za mwisho hakuwa amemwambia msikilizaji wake chochote.

Ili kuelewa kwa nini hali iko hivi, anza na jina lenyewe. Mtoto wa Kikalenjin hupewa jina linaloeleza saa, mahali au hali ya kuzaliwa kwake, na mbele ya jina hilo huwekwa kiambishi: Kip- au Ki- kwa mvulana, Chep-, Che- au Jep- kwa msichana. Aliyezaliwa kunapopambazuka ni Kipkoech au Chepkoech. Aliyezaliwa jioni mbuzi na kondoo wanaporudi ni Kiprono au Cherono. Ng'ombe wakirudi nyumbani, Kiprotich au Cherotich. Mvua ikinyesha, Kiprop au Cherop. Wageni wakiwa wamefika, Kiptoo, Cheptoo au Jeptoo. Siku ina saa chache za kutajwa, na watoto wanaozaliwa alfajiri ni wengi kila mahali. Ndiyo maana majina haya hurudiwa maelfu ya mara kuanzia Kericho hadi Kapenguria, na kuvuka mpaka hadi Kapchorwa, Uganda. Ndiyo maana pia herufi ya K haina kazi: karibu kila mwanamume wa jamii hizi anayo.

Hilo ndilo jina lake mwenyewe. La mwisho ni habari nyingine. Kwa desturi, kijana akishatoka jandoni huitwa arap fulani, yaani mwana wa fulani, na jina la baba hupoteza kile kiambishi cha mbele. Baba akiwa Kiprono, mwana ni arap Rono. Kipkoech hutoa Koech, Kiprotich hutoa Rotich, Kibet hutoa Bett, Kipruto hutoa Ruto, Kiplagat hutoa Lagat. Zilipokuja shule, vitambulisho vya kipande na pasipoti, fomu ilidai jina la ukoo, na karani akaandika alichokisikia. Wengine waliandikwa kwa jina la baba likiwa zima, wengine likiwa limekatwa, wengine kwa jina la babu. Neno arap lenyewe likaachwa njiani kwa wengi. Tangu hapo jina lililopaswa kubadilika kila kizazi likaganda.

Ukoo wa kweli haukuandikwa popote. Kalenjin wana koo zao, kila moja na mnyama au kitu chake cha alama, na kila mtu anaujua wake kwa sababu ndoa hupangwa kwa kuuangalia. Lakini huoni ukoo huo kwenye kitambulisho. Ushahidi mzuri ni familia ya viongozi wa Nandi wa ukoo wa Talai: Kimnyole arap Turukat, mwanawe Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Waingereza mwezi Oktoba 1905, na mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei. Vizazi vitatu, ukoo mmoja, na majina matatu ya mwisho yasiyofanana hata kidogo. Mtu anayetafuta familia kwa kufuata jina la mwisho angewatawanya hawa na kusema hawajuani.

Kosa hili huenda pande mbili, na ule wa ndugu wenye majina tofauti ndio unaosahaulika zaidi. Watoto wa Rais Daniel Toroitich arap Moi ni mfano ulio wazi: Gideon alichukua Moi, Jonathan aliyekuwa dereva wa mbio za magari akajulikana kama Jonathan Toroitich. Kwenye riadha yupo Saif Saaeed Shaheen, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, 7:53.63, mwaka 2004 akiikimbilia Qatar. Kabla ya mwaka 2003 alikuwa Stephen Cherono wa Kenya. Kaka yake ni Christopher Kosgei, bingwa wa dunia wa mbio hizo hizo mwaka 1999. Ndugu wawili, mataji ya dunia kwa wote, na hakuna herufi ya jina inayowaunganisha.

Upande wa pili ni majina yanayofanana bila undugu. Aprili 17, 2011 Emmanuel Mutai alishinda London kwa 2:04:40, rekodi ya njia. Kesho yake Geoffrey Mutai akashinda Boston kwa 2:03:02, muda ambao haujawahi kukimbiwa na yeyote kabla, ingawa haukukubaliwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu njia ya Boston inateremka na haizunguki kurudi ilikoanzia. Novemba mwaka huo huo walikutana New York: Geoffrey wa kwanza, Emmanuel wa pili. Si ndugu. Msimu mmoja ulitosha kuwachanganya watu duniani kote. Abel Kirui alikuwa bingwa wa dunia wa marathon mwaka 2009 na 2011, Geoffrey Kirui mwaka 2017, na wapo wanaoandika kwamba "Kirui ana mataji matatu ya dunia". Kwenye siasa, William Ruto na Isaac Ruto, gavana wa kwanza wa Bomet, walikuwa kambi mbili zinazopingana kwenye uchaguzi wa 2017. Jina halikuwapatanisha, na halikuwahi kuwa dalili ya undugu.

Nikubali kwamba zipo familia ambamo jina la mwisho linafanya kazi inayodhaniwa. David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012 na 2016, ni mwana wa Daniel Rudisha aliyepata fedha ya mita 400 kupokezana vijiti mwaka 1968. Lakini hata hapo ni historia ya familia inayothibitisha, halafu jina linafuata.

Hatari kubwa zaidi huja pale jina moja linapokaa katikati kwa mmoja na mwishoni kwa mwingine. Marathon ya wanaume ya Olimpiki ya London mwaka 2012 ilikwenda hivi: dhahabu kwa Stephen Kiprotich wa Uganda, 2:08:01, fedha kwa Abel Kirui wa Kenya, shaba kwa Wilson Kipsang Kiprotich wa Kenya. Huyu wa tatu ndiye dunia inayemjua kama Wilson Kipsang, aliyeweka rekodi ya dunia ya 2:03:23 mjini Berlin mwaka 2013. Kwenye matokeo rasmi aliandikwa kwa majina matatu, na jina la mwisho lilikuwa Kiprotich. Mhariri aliyezoea kuchukua neno la mwisho alipata Kiprotich wawili jukwaani, mmoja wa kila nchi, na hakumpata Kipsang popote.

Mpangilio unaogeuzwa ulimkuta hata mzee wetu wa riadha. Kipchoge Keino, dhahabu ya mita 1,500 Mexico mwaka 1968 na ya kuruka viunzi na maji Munich mwaka 1972, aliitwa Kip Keino na vyombo vya nje, na jina likamganda. Kip si jina. Ni kiambishi kile kile kilicho mbele ya jina la karibu kila mvulana. Kisha alipotokea Eliud Kipchoge, mwenye dhahabu za marathon za Rio na Tokyo, maswali yakaanza: ni mwanawe? Si mwanawe. Kwa Keino, Kipchoge ni jina la kuzaliwa. Kwa Eliud ndilo jina la mwisho. Neno ni moja, lakini nafasi yake kwenye jina si moja.

Kiambishi kinaweza kukusaidia kama utakitumia kwa tahadhari. Mwanamke ambaye jina lake la mwisho linaanza na Kip- analibeba jina la mwanamume, baba au mume, kwa hiyo jina lake mwenyewe litafute katikati. Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathon mwaka 2011 na 2013, Florence Kiplagat, Lornah Kiplagat aliyeikimbilia Uholanzi: hakuna kati yao anayeweza kuitwa "Kiplagat" na akatambulika, hasa ukizingatia kwamba Florence na Lornah wote wamewahi kushikilia rekodi ya dunia ya nusu marathon. Kinyume chake hakishiki. Jina la mwisho linaloanza na Che- halimaanishi mwanamke. Cheruiyot, jina la saa ya kulala, ni la kiume. Evans Chebet, mshindi wa Boston mwaka 2022 na 2023, ni mwanamume. Beatrice Chebet, aliyetwaa dhahabu za mita 5,000 na 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni mwanamke. Joshua Cheptegei wa Uganda ni mwanamume. Nimeona mara nyingi picha ya mwanamke ikiwekwa juu ya habari ya mwanamume kwa sababu mtu alitafuta neno moja kwenye hifadhi ya picha na kuchukua iliyotokea kwanza.

Mpaka hapa tunazungumzia usumbufu. Kuna mahali ambapo uzembe huu unageuka dhuluma, nako ni kwenye habari za dawa za kusisimua misuli. Abraham Kiptum alikimbia nusu marathon ya Valencia mwezi Oktoba 2018 kwa 58:18, rekodi ya dunia wakati huo. Baadaye akafungiwa miaka 4 kutokana na pasipoti yake ya kibayolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vyake vya damu vya muda mrefu, na rekodi ikafutwa. Miaka michache mbele, Kelvin Kiptum akatokea: Valencia Desemba 2022 kwa 2:01:53, London Aprili 2023 kwa 2:01:25, na Chicago Oktoba 2023 kwa 2:00:35, rekodi ya dunia. Alifariki kwa ajali ya barabarani Februari 11, 2024 akiwa na miaka 24. Watu wawili, jina moja la mwisho, nyayo mbili zisizokutana. Anayetafuta "Kiptum" na "kufungiwa" kwa pamoja atapata jibu linalomgusa marehemu asiyehusika, ambaye hayupo kujitetea.

Rita Jeptoo alishinda Boston na Chicago mwaka 2013, akapimwa na kukutwa na EPO, dawa iliyokatazwa inayoongeza chembe nyekundu za damu, mwaka 2014, akanyang'anywa ushindi wake wa mwaka huo wa miji yote miwili. Mwaka ule ule wa 2013 Priscah Jeptoo alishinda London na New York. Majiji manne makubwa, mwaka mmoja, Jeptoo wawili. Kichwa cha habari kilichosema "Jeptoo afungiwa" kilimweka Priscah kwenye midomo ya watu kwa kosa la mwenzake. Mwanariadha anaishi kwa mialiko ya waandaaji na mikataba ya wadhamini. Shaka ya wiki mbili katikati ya msimu inaweza kumgharimu mwaliko. Kwenye habari ya aina hii majina yote matatu, mwaka wa kuzaliwa na mbio anazokimbia ni lazima viwe kwenye sentensi ya kwanza. Anayeona hilo ni refu mno asiandike habari hiyo.

Kazi yenyewe si ngumu. Anza na jina kama lilivyo kwenye orodha rasmi ya matokeo, ambako jina la mwisho huandikwa kwa herufi kubwa: CHERUIYOT Robert Kiprono. Usikate chochote bado. Fungua wasifu wake wa World Athletics, shirikisho la riadha la dunia. Kila mwanariadha ana namba yake pale, na namba hairudiwi hata majina yakifanana yote matatu. Linganisha tarehe ya kuzaliwa. Angalia nchi, ukikumbuka kwamba nchi hubadilika: Bernard Lagat alipata fedha ya Olimpiki mwaka 2004 kwa Kenya na dhahabu mbili za dunia mwaka 2007 kwa Marekani, na ni mtu yule yule. Kisha angalia mbio. Mtu wa mita 1,500 mwenye miaka 20 hawezi kuwa mshindi wa marathon wa miaka kumi iliyopita, hata kama jina linakubali. Picha ije mwisho, ikitafutwa kwa majina yote na tarehe ya shindano.

Tahajia ndiyo itakayokuangusha hata ukiwa makini. Lagat, Langat na Lang'at ni jina moja kwa matamshi ya jamii tofauti. Kiplagat na Kiplangat hivyo hivyo. Wakipsigis huandika Chep- pale ambapo Wakeiyo na Wanandi wengi huandika Jep-, kwa hiyo Chepkosgei na Jepkosgei ni jina lile lile kwenye midomo miwili. Kosgei huandikwa pia Kosgey, Bett huandikwa Bet, na Rutto wa Chicago ya mwaka 2003, Evans, ana t mbili. Ukitafuta kwa tahajia moja tu utakosa nusu ya mbio za mtu, halafu utaandika kwamba "hajawahi kukimbia umbali huu". Na usisahihishe tahajia ya mtu kwa kuifananisha na ya mwingine maarufu. Iliyoko kwenye pasipoti yake ndiyo yake.

Wahariri wana hoja moja ya haki: nafasi. Kichwa cha habari hakina mahali pa majina matatu, na namba ya kifuani ya mkimbiaji mkuu huandikwa jina moja tu. Hapo ndipo uamuzi wa nini kikatwe unapohitaji akili. Desturi ni kukata la katikati na kubakiza la ubatizo na la mwisho. Kwa Kiptum wawili desturi hiyo inatosha, maana Abraham na Kelvin hawafanani. Kwa Cheruiyot wa Boston haitoshi, kwa hiyo geuza: kata Robert, bakiza Kiprono Cheruiyot na Kipkoech Cheruiyot. Robert ina herufi 6, Kiprono 7, Kipkoech 8. Gharama ya kumtaja mtu sahihi ni herufi moja kwa mmoja na mbili kwa mwingine.